Uzoefu wangu: maonyesho ya kazi za ualimu ng'ambo, Kisumu. Nyota mbili, labda tatu. Hapana, moja.

Naanza na kijana wa meza ya kona. Nikianza na mengine nitajikuta nawasifu watu hawa kabla sijasema lililonileta.

Maonyesho yenyewe yalifanyika Kisumu miezi michache iliyopita, katika hoteli moja upande wa ziwani. Wakala wa ajira aliyeyaandaa alitangaza kwamba wakuu wa shule za kimataifa kutoka Asia na nchi za Ghuba wangekuja wenyewe kuwahoji walimu wetu ana kwa ana. Ada ya kuingia ilikuwa elfu nane na ushei, kwa M-Pesa, hairudishwi. Sehemu ya pesa hizo niliikopa kwenye chama chetu cha akiba. Mama mkwe wangu, aliyefuatilia redioni kisa cha wazazi wa Uasin Gishu walioachwa mataani mwaka 2023 baada ya kulipia ule mpango wa masomo ya Finland na Kanada, aliniuliza kama hawa ni wale wale. Nikamwambia, "Sivyo, Mama, hawa nimewatafuta kwenye orodha ya mawakala wenye leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, wamo." Na kweli wamo. Leseni wanayo, hilo silipingi.

Foleni ya meza ya kona ilikuwa ndefu kuliko zote kwa sababu bango lake lilikuwa la shule kubwa ya Asia ya Mashariki, yenye picha ya maabara ambayo ukiiona unasahau kwamba kwenu wanafunzi wanagawana taa moja ya spiriti. Nilisimama pale tangu kabla ya chai ya saa nne hadi harufu ya samaki wa mchana ikaanza kutoka jikoni. Feni zilikuwa zinazunguka bila kusaidia mtu. Chini ya bango kaketi kijana wa suti ya buluu, kitambulisho shingoni, na Kiingereza chake chote kinapitia puani.

Zamu yangu ilipofika hakuinua kichwa. Alinyoosha mkono, nikampa faili. Alipita cheti cha digrii, akapita cheti cha TSC, ile tume ya kuajiri walimu, akapita barua ya shule niliyofundisha mtaala wa Cambridge hapo Kisumu, na cheti cha polisi cha maadili mema nilichokilipia shilingi 1,050 na kupigwa alama za vidole hakukitazama. Akafika kwenye nakala ya pasipoti, akatua.

"Ni hii ya Kenya tu? Huna nyingine?"

Kana kwamba watu hutembea na pasipoti mbili mbili kama leso. Nikasema ni hiyo tu. Akanieleza, bado anatazama karatasi, kwamba shule inataka walimu ambao Kiingereza ndiyo lugha yao ya kwanza. Nikamjibu kwamba mimi ni mwalimu wa Fizikia na Hisabati. Akasema wazazi wa kule wanalipa karo kubwa, kwa hiyo wanataka lafudhi. Lafudhi ya Fizikia! Kisha akanisukumia faili kwa ncha ya kalamu, asiliguse tena, akasema akinihurumia ataniweka kwenye orodha ya wasaidizi wa chekechea.

Nilikuwa bado natafuta la kumjibu simu yake ilipolia. Akageukia ukutani, akaanza kumwagiza mtu magunia ya mahindi yafike Chavakali kabla ya jioni, na dereva asilipwe kabla hajashusha. Kwa Kimaragoli. Safi kabisa, kile cha wazee. Mimi nimeolewa Mbale ya Vihiga, huko huko kwa Wamaragoli, hakuna neno lililonipita. Alipokata simu nikamsalimu kwa salamu ya kwao, "Mulembe." Mnadhani aliona haya? Akasafisha koo, akarudi puani, akaita: anayefuata.

Nikaenda moja kwa moja kwa binti wa mapokezi. Nilimkuta anapanga kalamu. "Madam, ada ni ya kuingia ukumbini, si ya kupata kazi," alinikatiza kabla sijafika mwisho, maneno ambayo ni wazi alikuwa ameyasema tangu asubuhi. Nikamwambia sijaomba kazi, nimeuliza yule kijana ameajiriwa na nani. Akatazama kushoto na kulia. "Ni wa ofisini kwetu, mwalimu. Wale wa shule walishindwa kuja."

Walishindwa kuja! Basi wangeandika hivyo mlangoni. Huo ndio ugomvi wangu na maonyesho haya, maana kitu tulichouziwa ni kuonana na mkuu wa shule. Wazo la maonyesho ya namna hii lilianzia Chuo Kikuu cha Northern Iowa, Marekani, mwaka 1976, na tangu hapo ukienda kwenye yale ya London au Bangkok mtindo ni ule ule: mkuu wa shule anakaa mezani mwenyewe, mwalimu anamwendea kuomba nafasi ya kuhojiwa, mahojiano yanafanyika humo humo hotelini, na wengine wanaondoka na mkataba wa miaka miwili. Ndiyo maana mengi hufanyika Januari na Februari, shule zinapotafuta watu wa kuanza Agosti. Mkuu asipokuja, anayebaki mezani ni karani wa kutazama pasipoti, na kazi hiyo ingefanywa kwa barua pepe, bure, bila mimi kupanda matatu ya alfajiri kupitia Majengo na Kiboswa nikiwa nimeshika faili mapajani lisikunjike.

Sasa niwe mwenye haki kidogo. Suala la pasipoti hakulitunga yeye. Viza ya E-2 ya Korea Kusini, ile ya kufundisha mazungumzo ya lugha, kwa Kiingereza kawaida hupewa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. England nayo, ilipofungua mwaka 2023 njia mpya ya walimu wa kigeni kuomba hadhi ya ualimu ya kwao, Ghana, Nigeria, Zimbabwe na Afrika Kusini zilikuwa kwenye orodha, Kenya haikuwemo. Hayo yanauma lakini ni ya serikali za watu. Ila E-2 ni ya mwalimu wa lugha, na walimu wa masomo mengine katika shule za kimataifa huingia kwa viza nyingine. Mtu aliyekalia ile meza kutwa nzima alipaswa kulijua hilo kabla ya kunipeleka chekechea.

Na nilikuwa karibu kwenda zangu, isipokuwa binti yule wa mapokezi (Mungu ambariki, natumaini hajafutwa kazi) aliniambia kwa sauti ya chini, "Jaribu yule mama wa dirishani, huyo ni wa kweli." Mama huyo alikuwa mkuu wa shule ya sekondari katika Falme za Kiarabu, na mezani kwake hapakuwa na foleni kwa kuwa bango lake lilikuwa limeanguka na hakuna aliyelisimamisha.

Hapa ndipo nyota zinapoanza kunisumbua. Mama yule alisimama kunisalimia. Alinipa chupa yake ya maji na karatasi moja, akasema, "Nifundishe chochote kwa hivi." Nikaweka chupa juu ya karatasi, nikaichomoa karatasi kwa ghafla, chupa ikabaki imesimama pale pale, nikamwuliza kwa nini haikuifuata. Akacheka, akajifanya mwanafunzi mzito, akanibana kwa maswali hadi nikasahau kwamba nahojiwa. Kisha akageuka kuwa mkali: ningefanya nini nikimwona mwalimu mwenzangu akimpa mtoto lifti peke yake, ningemwambia nani kwanza, ningeandika wapi. Akanieleza kwamba tangu mwaka 2014, mashirika ya shule za kimataifa yalipounda jopo la pamoja la kulinda watoto, shule nyingi huuliza maswali hayo kabla ya kugusa somo lenyewe, na kwamba cheti changu cha maadili mema atakisoma kwanza. Akakisoma. Akaniambia pia vyeti vyangu vitahitaji mihuri ya Wizara ya Mambo ya Nje Nairobi na ya ubalozi wao, na nisimlipe mtu yeyote kwa hilo kabla sijapata barua ya kazi mkononi. Hakuniahidi kitu. Alisema kuna mtu mbele yangu. Nimehojiwa sana katika maisha yangu ya ualimu, lakini sijawahi kuhojiwa vizuri hivyo. Kwa huyo peke yake ningetoa nyota nne, na samaki pia hawakuwa wabaya.

Halafu nikatoka nje, nikamkuta kijana mmoja wa kutoka Busia ameketi kwenye ngazi. Alikuwa nyuma yangu kwenye foleni ya kona. Ni mwalimu wa Kemia, yuko sekondari msingi kama mwalimu wa mafunzo ya kazini, ile ya posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na nauli alikuwa ameikamilisha kwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Ameambiwa maneno yale yale, pasipoti, lafudhi, chekechea. Nikamsihi arudi ndani amwone mama wa dirishani. Akasema, "Acha tu, Madam, nimeshajua hawatutaki," akavua tai, akaitia mfukoni, akaondoka. Mwalimu wa Kemia! Shule gani duniani haitafuti mwalimu wa Kemia? Na aliyemfukuza si mzungu wala si balozi, ni mtu wa mahindi wa Chavakali aliyekodishiwa bango. Hapo nyota zote nilizokuwa nimezihesabu zikaisha. Moja, na hiyo ni ya binti wa mapokezi.

Wiki hii wakala amenitumia ujumbe wa WhatsApp: "Mwalimu mpendwa, tumesikitika kusikia hukufurahia," na punguzo la nusu ya ada kwa maonyesho yajayo. Nimewajibu kwa swali moja tu, meza ya kona itakaliwa na nani. Wamesoma, alama mbili za buluu zipo, kimya. Lakini ikiwa mama wa dirishani anarudi, hiyo nusu nitalipa.