Bastola Mpya au Iliyokarabatiwa Kiwandani: Ningenunua Ipi Kwanza

Bastola haizeeki kama simu. Simu ya miaka kumi imeshaachwa nyuma na programu zake, lakini bastola ya miaka kumi iliyotunzwa vizuri inafyatua leo kama ilivyofyatua ilipotoka kwenye boksi. Ndiyo maana umri wake haunisumbui sana. Ninachotaka kujua ni nani aliyeifungua mara ya mwisho, alibadilisha nini ndani, na kama yuko tayari kuyaandika hayo kwenye karatasi yenye jina lake.

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza naipa bastola ya milimita 9 (huo ni unene wa risasi yake) iliyorudi kwa kampuni iliyoitengeneza, ikapita mikononi mwa mafundi wa kampuni hiyohiyo na kutoka na waranti ya maandishi. SIG Sauer, kwa mfano, wamewahi kuuza bastola za namna hii kwa utaratibu rasmi. Nyingi katika soko hili zilikuwa za polisi. Idara ikitaka silaha mpya, hurudisha za zamani ziwe sehemu ya malipo. Na askari, watu wasichokijua, huibeba bastola kila siku lakini huifyatua mara chache, mara nyingi siku za mazoezi na mitihani ya shabaha tu. Kwa hiyo utaona slaidi, yaani sehemu ya juu inayorudi nyuma kila unapofyatua, imechubuka rangi pale inaposuguana na ala, kona zimeng'aa, ukadhani imepigana vita viwili. Ukiufungua mtutu unakuta mifereo yake ya ndani, ile inayoizungusha risasi, bado mikali. Mchubuko wa ala ni punguzo la bei, si ugonjwa.

Tatizo ni neno lenyewe, "iliyokarabatiwa". Duka lolote linaweza kufuta vumbi, kupaka mafuta na kubandika neno hilo. Muulize muuzaji vipuri gani vimebadilishwa, na akijibu "vyote vilivyohitajika", jibu hilo halijakupa kitu. Unachotaka kusikia ni springi ya kurudisha slaidi, kwa sababu ndiyo huchoka mapema. Kwa bastola nyingi za milimita 9 watu huibadilisha kila baada ya risasi 3,000 hadi 5,000. Halafu springi za magazini, yaani kasha la risasi linaloingia kwenye mpini, na pini inayogonga kitako cha risasi. Kama ina alama za kulengea zinazong'aa gizani kwa tritiamu, gesi yenye mnururisho, uliza ziliwekwa mwaka gani. Nguvu ya tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na kidogo, na hakuna betri ya kuchaji wala kubadilisha. Bastola iliyokarabatiwa yenye alama zilizofifia inamaanisha utaongeza gharama baadaye.

Waranti nayo isome mpaka mwisho. Kampuni nyingine hutoa waranti fupi kwa iliyokarabatiwa kuliko kwa mpya, na nyingine humlinda mnunuzi wa kwanza peke yake, yaani siku ukiiuza, ulinzi umekwisha.

Nafasi ya pili ni mpya, lakini ya modeli iliyokwisha kuzoeleka. Glock 17 ilipokelewa na jeshi la Austria mwaka 1982. Tangu hapo imepita vizazi kadhaa, na kila fundi wa silaha anaijua kama mfuko wake. Vipuri, magazini na ala zake zipo kila penye soko la bastola. Ukinunua mpya ya aina hii unalipia usalama wa akili zaidi ya ubora, na hilo si jambo la kudharau, hasa kwa mtu ambaye hajawahi kumiliki silaha na hawezi kutofautisha mchubuko wa ala na ufa. Kuna pia sababu moja ya kiufundi inayoweza kuipandisha mpya hadi nafasi ya kwanza: kama unataka kufunga kilengeo cha nukta nyekundu. Mpya nyingi hutoka na slaidi iliyochongwa tayari nafasi ya kukifunga, ilhali za polisi za miaka ya nyuma aghalabu hazina, na kuchonga slaidi baadaye kunaweza kula akiba yote uliyodhani umeipata.

Ya tatu ni ya polisi ambayo haikupita kiwandani, inayouzwa na muuzaji mwenye leseni kama ilivyo. Bei hushuka tena, nawe unabeba kazi ya fundi. Hapa ndipo utakutana na rundo la bastola za risasi nene kuliko ya milimita 9, aina ya .40 S&W. Historia yake ni fupi. Baada ya mapambano ya risasi na majambazi huko Miami, Marekani, mwaka 1986, ambapo maofisa wawili wa FBI, shirika la upelelezi la nchi hiyo, waliuawa, ilitafutwa risasi yenye nguvu zaidi, na .40 S&W ikatoka mwaka 1990. Idara nyingi za polisi Marekani zikaihamia. Baadaye risasi za milimita 9 zikaboreshwa, FBI wakarudi huko, na idara nyingi zikawafuata zikiacha .40 zimejaa sokoni. Bei yake inavutia kweli, ila inapiga teke zaidi mkononi na kwa kawaida risasi zake ni ghali kuliko za milimita 9. Ukipiga hesabu ya risasi za mazoezi za miaka miwili, rahisi inageuka ghali. Ningeichukua tu kama tayari ninazo risasi hizo.

Ya nne ni mpya kabisa ya modeli mpya kabisa. Hapa nitatofautiana na wengi, kwa sababu macho hupenda kitu kilichozinduliwa juzi. P320 ya SIG Sauer ilitoka mwaka 2014, ikashinda zabuni ya jeshi la Marekani Januari 2017, na mwezi Agosti mwaka huohuo kampuni ikatangaza maboresho ya bure kwa wenye nazo baada ya kubainika kwamba ingeweza kufyatuka ikiangushwa kwa pembe fulani. Malalamiko mengine yalifika mahakamani baadaye. Waliosubiri miaka michache walinunua iliyorekebishwa. Na leo ukiona P320 ya kabla ya tangazo hilo, swali la kwanza kwa muuzaji ni kama ilipata maboresho yale.

Mkiani ni mtumba kutoka kwa mtu binafsi, hata kama anasema ameifyatua mara mbili tu. Wote hufyatua mara mbili tu. Kama lazima, fanyeni mauzo kupitia muuzaji mwenye leseni au ofisi inayosimamia silaha, na hakikisha namba iliyochongwa inalingana na karatasi tarakimu kwa tarakimu. Marekani, kisheria silaha ni fremu, yaani kiunzi kinachobeba sehemu nyingine. Ujerumani hata mtutu na slaidi huhesabiwa vipande muhimu. Kwa hiyo mtutu uliobadilishwa unaweza kukuletea maswali katika nchi moja, na katika nyingine usilete swali lolote. Kibali chako kitangulie pesa, siku zote.

Kuikagua si kazi ngumu. Toa magazini, vuta slaidi nyuma, tazama ndani ya chemba, yaani tundu la risasi nyuma ya mtutu, kwa macho kisha gusa kwa kidole, maana macho hudanganya. Ifungue, utoe mtutu, uumulike. Ukiona kivuli cha pete kikizunguka ndani, mtutu umevimba: risasi iliwahi kukwama na nyingine ikaifuata kwa nyuma. Iache hapohapo. Kwa rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, jogoo (kinyundo cha nyuma) akivutwa taratibu, silinda inapaswa kufunga sawasawa kabla hajafika mwisho, katika kila tundu.

Bastola za Kijerumani zina siri ndogo ninayoipenda. Karibu na mihuri ya majaribio, inayogongwa silaha ikishapimwa usalama, mara nyingi kuna herufi mbili za mwaka, A ikiwa 0, B ikiwa 1, hadi J iliyo 8 (I hurukwa) na K iliyo 9. Ukikuta KE, ilijaribiwa mwaka 1994, hata muuzaji aseme nini.

Ukishainunua, yoyote kati ya hizi, weka namba kwa rangi kwenye kila magazini kabla ya kwenda kwenye shabaha, kisha piga risasi mia mbili hivi, zikiwemo za aina utakayoitegemea. Yangu ya kwanza iliyokarabatiwa ilikwama mara nne, nikarudi nyumbani nikiwalaani mafundi wote wa kiwanda. Daftari likanionyesha kuwa mara zote nne ilikuwa magazini namba 2.