TAHADHARI: Bastola za "Tower" za karne ya 18 zinazouzwa mtandaoni

Ndugu zangu mnaokusanya silaha za kale, kuna mtu anauza bastola za gumegume (zinazowasha baruti kwa cheche za jiwe) akidai ni za wapanda farasi wa jeshi la Uingereza, enzi za Mfalme George III. Mimi keshaniliza. Tafadhali asikulize na wewe.

Picha zake huonyesha upande mmoja tu: bamba la mtambo (bamba la chuma la ubavuni linaloshika mtambo wa kufyatulia) lenye taji, herufi GR (George Rex, yaani Mfalme George) na neno TOWER. Chapa hizo jeshi lilizitumia kweli, na neno lenyewe linatokana na Mnara wa London, palipokuwa na ghala ya silaha za serikali. Lakini kwa kuwa kila mtu anazijua, ndizo zinazoigwa kuliko zote. Nilipoipokea niliitazama TOWER kwa lenzi. Kutu ilikuwa imetanda bamba zima, ila ndani ya herufi chuma kiling'aa kama kimechongwa juzi. Chapa iliyopigwa miaka 200 iliyopita huzeeka pamoja na chuma chake, na kingo zake huwa zimelika. Hii ilikwaruza ukucha.

Hapo moyo ukanilipuka. Nikang'oa pini zinazoshika mtutu, nikaunyanyua kutoka kwenye mbao. Chini yake pamesuguliwa kwa tupa mpaka pakawa bapa, lakini aliyesugua hakumaliza kazi. Zilibaki herufi PN, na kando yake kijisanduku chenye AA. PN ni alama ya ukaguzi (jaribio la usalama wa mtutu) ya Italia kwa silaha za baruti nyeusi, na kijisanduku ni mwaka wa ukaguzi: AA ni 1975. Kwa kifupi, nakala ya kisasa iliyofutwa alama na kuzeeshwa kwa makusudi, labda kwa tindikali.

Kwa hiyo usilipe kabla hujaona picha ya chini ya mtutu, ukiwa umetolewa kwenye mbao. Mimi niliiomba, akanijibu kwamba mbao zitapasuka, nami nikamwamini. Ndipo nilipoingia mkenge.

Ana na nyingine anayoiita "ya London". Kwenye picha, ukiikuza, utaona duara la yai lenye ELG. Hiyo ni chapa ya ukaguzi ya Liège, Ubelgiji, na taji lililo juu ya duara liliongezwa mwaka 1893, kwa hiyo yenye taji ilikaguliwa mwaka huo au baadaye. Mitutu ya raia iliyokaguliwa London huwa na taji juu ya GP na taji juu ya V. Silaha ya Liège ina thamani yake, sina ugomvi nayo, ila iuzwe kwa jina lake.

Nilimtumia picha za PN na AA nikidai pesa zangu. Akanifungia. Sasa amerudi kwa jina jipya, picha ni zilezile: angalia ufa mdogo kwenye mbao, nyuma tu ya skrubu ya mtambo, na doa jeusi kwenye kitako.