Redio ya dijitali kwenye gari la zamani: kifaa ni rahisi, shughuli iko kwenye antena

Gari langu ni la mwaka 2005 na redio yake ni ileile iliyotoka nayo kiwandani: AM, FM, CD, na tundu la AUX lililofichwa ndani ya droo ya dashibodi. Sauti yake sina malalamiko nayo. Spika zimetulia, vitufe navibonyeza gizani bila kuangalia, na taa zake zinaendana na rangi ya vipimo vingine vya gari. Nilichokosa ni stesheni tu. Mbili kati ya zile ninazozipenda zinarushwa kwa DAB+ peke yake, yaani mfumo wa redio ya dijitali unaorushwa kutoka minara ya ardhini, na upepo unaelekea huko huko. Norwei ilianza kuzima FM ya vituo vya kitaifa Januari 2017 ikamaliza Desemba mwaka huohuo. Uswisi, shirika la utangazaji la umma lilifunga FM yake tarehe 31 Desemba 2024. Na tangu Desemba 2020, gari jipya la abiria linalouzwa Umoja wa Ulaya likiwa na redio ni lazima redio hiyo ishike matangazo ya dijitali ya ardhini. Sheria hiyo haimsaidii mwenye gari la zamani. Sisi tunajitafutia wenyewe.

Neno moja kabla sijaendelea, maana swali hili huulizwa sana: DAB+ si ile dijitali ya king'amuzi cha televisheni. Televisheni ya ardhini hutumia mfumo mwingine, DVB-T na DVB-T2, kwa hiyo kuwa na king'amuzi nyumbani hakumaanishi kwamba barabarani utapata redio ya dijitali. Angalia kwanza kama njia unazopita zina matangazo ya DAB+. Kama hayapo, hakuna kifaa kitakachokusaidia.

Mafundi wengi watakushauri ung'oe redio ya zamani uweke mpya yenye DAB+ ndani. Ushauri si mbaya. Nafasi ya redio kwenye magari mengi ya umri huo ina kipimo cha kawaida, milimita 180 kwa 50, na waya za kuunganishia zinapatikana. Mimi sikutaka, kwanza kwa sababu vitufe vya usukani wangu vinaongea na redio ya kiwandani tu na kuviunganisha na redio nyingine kunahitaji kifaa cha ziada, pili kwa sababu redio mpya nyingi za bei ya chini zinang'aa usiku utadhani ukumbi wa disko. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi mpaka uulize: hata redio mpya ya DAB+ inataka antena yake ya DAB. Ya FM iliyopo kwenye gari haitoshi yenyewe. Kwa hiyo kazi ngumu hujaiepuka, umeongeza tu kazi ya kung'oa.

Nikachukua kipokezi kidogo cha kubandika kwenye dashibodi. Kina skrini yenye ukubwa wa kiberiti cha njiti, kitufe kimoja cha kuzungusha, waya wa umeme unaochomekwa kwenye tundu la kuchajia, waya wa AUX, na antena ya kubandika kwenye kioo. Sitataja chapa, kwa sababu vifaa vya aina hii vinafanana sana na ninayotaka kuyasema yanavihusu vyote.

Kuna njia mbili za kuingiza sauti yake kwenye redio ya gari. Ya kwanza ni ya hewani: kifaa kinajigeuza kituo kidogo sana cha FM, nawe unaitafuta sauti yako kwenye redio kama stesheni nyingine. Haina waya wala fundi, na jina la stesheni linaweza hata kutokea kwenye skrini ya redio ya zamani. Ndiyo njia inayopigiwa debe kwenye boksi. Lakini Ulaya, kwa mfano, vitumaji hivi vinaruhusiwa nguvu isiyozidi nanowati 50. Nanowati, si miliwati. Ukiwa barabara ya mashambani ambako FM iko wazi, inasikika vizuri. Ukiingia mjini, kila sehemu ya FM ina mwenyewe, na ule ukimya uliouchagua, tuseme 88.3, unakuta kituo chenye mnara wa maelfu ya wati kimeufunika. Unabadilisha kwenye kifaa, unabadilisha kwenye redio, unaendelea hivyo mpaka unajiuliza kwa nini ulinunua. Isitoshe, umenunua redio ya dijitali halafu unaisikiliza kwa FM, tena FM dhaifu kuliko ile uliyoikimbia.

Kwa hiyo kama gari lako lina AUX, tumia AUX. Kama halina lakini lina deki ya kaseti, ile kaseti ya bandia yenye waya bado inafanya kazi, na naipa nafasi ya pili, mbele ya FM ya hewani. Wasio na hivyo viwili waulizie kifaa kinachokaa katikati ya antena ya gari na redio, kinachoingiza sauti kwa njia ya FM lakini kupitia waya. Hicho hukata mawimbi ya nje wakati DAB inapocheza, ndiyo maana hakigombani na mtu.

AUX nayo ina kero yake. Nilipowasha injini nikasikia mlio mwembamba nyuma ya sauti ya mtangazaji, unaopanda ukikanyaga mafuta na kushuka ukiachia. Huo unatoka kwenye mfumo wa umeme wa gari, hasa altaneta, na unaingia kwa sababu kifaa na redio vimeunganishwa na hasi ya gari katika sehemu mbili tofauti, huku waya wa AUX ukikamilisha mzunguko kati yake. Dawa ni kijitransfoma kidogo kinachochomekwa katikati ya waya wa AUX, chenye tundu upande mmoja na pini upande wa pili. Hakihitaji umeme. Mlio uliisha palepale. Kama kifaa kingekuja nacho ndani ya boksi ningekiongezea alama.

Sasa antena, maana hapa ndipo watu wengi wanapoamua kwamba DAB haifai.

DAB hutumia masafa ya 174 hadi 240 MHz, juu kabisa ya FM inayoishia 108. Wimbi lake lina urefu wa kama mita moja na nusu, na antena nzuri ya robo wimbi ni ya sentimita 35 hadi 40 hivi, iliyosimama wima, kwa kuwa mawimbi yenyewe hurushwa yakiwa wima. Antena ya kubandika inajaribu kufanya kazi hiyo kwa uzi mwembamba wa shaba ndani ya plastiki angavu, na nusu ya kazi yake inafanywa na kitu ambacho watu hawakijali: kile kipande cha karatasi ya chuma kinachoning'inia pembeni ya kiboksi cha antena. Hicho si pambo. Kinatakiwa kigandane na chuma cha bodi ya gari, chini ya plastiki ya nguzo ya pembeni ya kioo, ili bodi yote iwe sehemu ya antena. Kikibandikwa juu ya plastiki au kikiachwa kinaning'inia, unabaki na nusu ya antena.

Kazi ilikwenda hivi. Kioo kilisafishwa kwa spiriti mpaka kitambaa kikawa kinatoka cheupe, kwa sababu moshi na vumbi la miaka huacha mafuta ambayo macho hayayaoni. Plastiki ya nguzo ililegezwa kidogo tu, kiasi cha kupitisha kidole. Hapo kuna tahadhari: magari mengi yana mfuko wa hewa wa pembeni ndani ya nguzo hiyo. Waya upite nyuma ya mfuko, kamwe usipite mbele yake, na kama huoni vizuri ulivyokaa, mwachie fundi anayejua. Rangi ya bodi chini ya kipande cha chuma haikuhitaji kukwanguliwa, kwani kwa masafa haya eneo pana lililogandana vizuri linatosha. Halafu uzi ukabandikwa pembeni kabisa, mbali na waipa na kioo cha kuangalia nyuma, ukishuka wima sambamba na nguzo. Kifaa kilitafuta stesheni upya, na orodha ikarefuka mpaka nikachoka kuizungusha.

Jinsi DAB inavyokosa nguvu ni tofauti na FM, na ni vizuri ujue ili usimlaumu asiyehusika. FM ikififia inakwaruza, lakini habari unaendelea kuzisikia. DAB inakaa safi, safi, safi, kisha inaanza kubwabwaja kama mtu anayeongea akiwa chini ya maji, kisha inanyamaza kabisa. Kwenye handaki lisilo na vitumaji vyake ni ukimya mtupu. Upande wa pili, ukiwa kwenye mwendo mrefu huhangaiki kutafuta masafa mapya: minara ya mtandao mmoja hurusha kitu kilekile kwa masafa yaleyale, na kipokezi kimeundwa kujumlisha mawimbi yanayofika kwa kuchelewana kidogo badala ya kuchanganywa nayo. Stesheni nyingi husafiri pamoja katika fungu moja lenye upana wa takriban 1.5 MHz, kwa hiyo ukishika fungu umezishika zote zilizomo. Ukilikosa, zote zinapotea kwa pamoja, na hapo ndipo utasikia mtu akisema kifaa kimekufa.

Baada ya antena kukaa vizuri, bado nilikuwa napoteza stesheni katika sehemu ambazo kipokezi cha mfukoni kilizishika nikiwa nimesimama nje ya gari. Mchawi alikuwa kamera ya dashibodi. Kamera hizi, pamoja na chaja nyingi za bei rahisi za USB, hutoa kelele za umeme ambazo zinaangukia palepale kwenye masafa ya DAB, na kwa kawaida kamera hukaa kwenye kioo kilekile ilipo antena. Kipimo ni chepesi: acha stesheni dhaifu icheze, chomoa kimoja kimoja, utazame mistari ya nguvu kwenye skrini. Kamera nimeihamishia upande wa abiria, waya wake ukapita mbali na wa antena, na chaja nimenunua nyingine iliyotengenezwa vizuri zaidi. Rahisi ghali, wahenga hawakukosea.

Ubora wa sauti nitausema kama ulivyo, kwa sababu neno dijitali linawapa watu matumaini makubwa mno. Inategemea kituo kimetenga kilobiti ngapi. DAB+ hubana sauti kwa mfumo wa HE-AAC, ambao hata kwenye kilobiti 64 kwa sekunde hutoa muziki wa kuridhisha ndani ya gari. Wapo wanaobana hadi 32 ili waingize stesheni nyingi kwenye fungu moja, na hapo matoazi ya ngoma yanasikika kama mchanga. FM yenye nguvu inawashinda hao. Kwa mazungumzo, mpira na habari, DAB+ imeniburudisha: hakuna mkwaruzo, hakuna stesheni ya jirani inayoingilia. Ukinunua kipokezi kilichotumika, hakikisha kimeandikwa DAB+, chenye alama ya kujumlisha. Vile vya kabla ya 2007 ni vya DAB ya kwanza inayobana sauti kwa mfumo wa zamani wa MP2, na stesheni nyingi za leo havizifungui.

Kuna vikero vidogo pia. Sauti ya dijitali huchelewa sekunde kadhaa, kwa hiyo usirekebishe saa kwa mlio wa saa wa redio. Ukiwa kwenye AUX, matangazo ya foleni yaliyokuwa yakikatiza FM yenyewe huenda yasiingie. Una sehemu mbili za kupunguza sauti, ya kifaa na ya redio, na ni vyema ya kifaa ukaiweka karibu na juu kabisa ukaisahau. Skrini usiku ni kali hata ikiwa kwenye mwanga wa chini kabisa, na hilo kwangu ni kosa la mtengenezaji, si la kuvumilia.

Simu je? Simu yenye intaneti na waya wa AUX inakupa stesheni za dunia nzima bila antena. Mtiririko wa kilobiti 64 unakula takriban megabaiti 29 kwa saa, wa 128 kama 58. Kwa anayeendesha saa moja kwa siku si kitu. Mimi napita sehemu ambazo mtandao wa simu unakatika na DAB inashika, tena sipendi kugusa simu nikiwa kwenye usukani. Kitufe cha kuzungusha nakigusa bila kutazama.

Kifaa nakipa nne kwa tano, na alama iliyokatwa ni ya skrini na kile kijitransfoma kilichokosekana. Ila kabla hujatoa hela, chungulia kioo chako cha mbele. Kama kina nyaya za kupasha joto au utando wa chuma wa kuzuia jua, antena ya kubandika itakuwa imefungiwa ndani, na hakuna namna ya kuibandika itakayokuokoa. Kwa gari kama hilo ulizia antena ya paa, au kigawanyio kinachotumia antena ya FM iliyopo na kuwa na kikuza mawimbi ndani yake, na umwambie fundi akifunge karibu na antena yenyewe, kabla ya waya mrefu, si nyuma ya redio.