Nicodemus au Monowi?

Ukipita nyanda za kati za Marekani na una nafasi ya kusimama kijiji kimoja tu, mimi ningesimama Nicodemus, Kansas. Kilianzishwa 1877 na Weusi waliotoka Kentucky, wengi wao watumwa wa juzi tu. Walikuta nyika tupu, wakachimba makao ardhini wakaishi humo. Inasimuliwa kuwa baridi ya kwanza, Waosage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, waliokuwa wakitoka mawindoni waliwagawia nyama. Mambo yakachangamka, hadi 1888 reli ilipopita pembeni na biashara zikahama kuifuata. Sensa ya 2020 ilikuta wakazi hawafiki 20, ila kila Julai wajukuu hurudi kusherehekea, na tangu 1996 ni eneo la kihistoria la taifa.

Monowi, Nebraska, ni kinyume: reli ndiyo iliyokizaa, 1902. Miaka ya 1930 kilikuwa na watu 150 hivi. Sensa ya 2010 ilimkuta mmoja, bibi mjane aliyekuwa meya, karani na mwenye baa. (Kodi alijitoza mwenyewe!) Sensa ya 2020 iliandika wawili, kwa kuwa takwimu huvurugwa kidogo makusudi ili kulinda siri za watu.