Rhine kwa meli: lipia sitaha, achana na roshani

Kama unakata tiketi ya meli za mto za Ulaya leo, chukua chumba cha bei ya chini kabisa, kile cha ghorofa ya chini chenye kidirisha kisichofunguka. Binti yangu anayeishi Mainz, Ujerumani, nilimwambia hivyo, hakusikia. Alinilipia chumba cha juu chenye roshani ili mama yake auone mto Rhine akiwa kitandani. Mwana akikutendea wema humrudishii mkono, lakini ukweli wa ile roshani nitausema.

Kwanza, si roshani. Ni mlango wa kioo wa kuburuza, na mbele yake kuna chuma cha kujiegemeza. Mguu wako hautoki nje hata kidole. Pili, asubuhi tulipokuwa gatini Rüdesheim nilivuta pazia nione hayo mashamba ya mizabibu niliyohadithiwa, nikaonana uso kwa uso na mzee wa Kizungu aliyevaa nguo za kulalia, anapiga mswaki. Meli ya kampuni nyingine ilikuja usiku ikafungwa ubavuni mwetu. Gati ni chache na meli ni nyingi, kwa hiyo zinafungwa mbili mbili, tatu tatu, na abiria wa meli ya nje wanakatiza kwenye mapokezi ya meli ya ndani ili washuke. Mzee akanipungia mswaki. Nami nikampungia, nikafunga pazia.

Kifungua kinywa ni cha kujipakulia, na nusu ya meza ilijaa soseji na nyama za nguruwe za kila namna. Mhudumu mmoja, kijana wa Indonesia, aliuona ushungi wangu akanitolea salamu kwa sauti ya chini, kisha akatembea nami sahani kwa sahani: hii kula, hii acha, hii ngoja nimuulize mpishi. Tangu hapo aliniita Ibu, kama wanavyowaita mama zao kwao, na samaki wangu wa jioni alikuja na ndimu bila mimi kuomba. Huduma ya namna hiyo huipati kwenye tangazo lao lolote, ila kwa upande wangu ndiyo iliyoipa meli nusu ya alama zake.

Nusu nyingine ni ya sitaha.

Saa tatu na kitu tuling'oa nanga, tukishuka na mkondo kwenda Koblenz. Kipande hiki, kuanzia Bingen na Rüdesheim, kina urefu wa kilomita 65 hivi, na UNESCO wamekiorodhesha kuwa urithi wa dunia tangu 2002. Milima imeubana mto pande zote mbili, na ngome ziko kulia na kushoto, nyingine magofu, nyingine zimejengwa upya. Sasa mwenye roshani ataona upande mmoja tu. Chumba changu kilikuwa cha kushoto. Ningebaki humo, ngome ya Katz, Marksburg na huo mwamba wa Loreley vingenipita mgongoni. Nilichukua blanketi, wanazigawa bure, nikapanda juu nikakaa huko mpaka adhuhuri.

Kuna jambo hapa wauzaji hawalielezi. Kwenye mito mingine, Main kwa mfano, madaraja ni ya chini kiasi kwamba sitaha ya juu hufungwa na viti kulazwa. Lakini kati ya Mainz na Koblenz hakuna daraja hata moja. Magari yanavuka kwa pantoni, kama Kigamboni. Kwa hiyo sitaha iko wazi njia nzima, na pahali pazuri kuliko pote melini hapana nyongeza ya hata senti.

Kaub ndipo nilipopapenda zaidi. Kuna ngome katikati ya mto, juu ya kisiwa cha mwamba, ndogo, nyeupe, yenye umbo la merikebu. Ilijengwa karne ya 14 kwa ajili ya kutoza ushuru tu. Walikuwa wanatandaza mnyororo mtoni. Chombo hakipiti mpaka kilipe. Watu wa mpakani kama sisi tunaoishi na forodha tunaelewa upesi. Hapohapo Kaub pana kipimo cha maji ambacho manahodha wote wa Rhine hukitazama. Oktoba 2018 kilishuka hadi sentimita 25, na maji yakipungua hivyo meli za watalii hukwama, abiria hupakiwa kwenye mabasi. Uliza kabla ya kulipa: maji yakikauka, mnanirudishia nini? Sisi tulioneshwa mstari mmoja wenye herufi ndogo uliosema, kwa lugha ya adabu, hakuna kitu.

Loreley yenyewe? Jiwe. Mita 132, mto unakunja kona kali chini yake, na spika zikapiga wimbo wa yule msichana anayechana nywele akawapoteza mabaharia. Watu wote wakakimbilia kulia na simu. Mimi nilikuwa namtazama nahodha wetu: pale konani meli ya shehena ilikuwa inapanda, imetoa ubao wa buluu wenye taa nyeupe inayowaka na kuzimika, maana yake tupishane kulia kwa kulia. Nasi tukatoa wetu. Meli yetu ina mita 135, na walipishana bila honi wala kelele. Kwa mtu aliyekulia Ujiji akitazama vyombo, hiyo ilishinda wimbo.

Koblenz ni mji wa kutembea kwa saa mbili: pale Mosel inapoingia Rhine, sanamu ya Kaisari juu ya farasi, basi. Nilirudi kulala. Jioni, treni za mizigo zinapita kingo zote mbili bila kupumzika, kwa hiyo ule mlango wa roshani ulibaki umefungwa usiku kucha. Mezani chumbani nikakuta bahasha ya bakshishi na kiwango wanachopendekeza tayari kimeandikwa. Ya kwangu nilimpa yule kijana mkononi.

Asiye na fedha ya meli za kulala asisononeke. Kampuni ya KD ina meli za mchana zinazopita njia hiihii, na mojawapo, Goethe, yenye magurudumu ubavuni, iliundwa 1913, mwaka uleule Wajerumani walipoiunda Liemba yetu kule Papenburg kabla ya kuileta Kigoma vipandevipande. Panda Rüdesheim asubuhi, shuka Koblenz, rudi kwa treni. Beba koti hata kama jua linawaka, na wahi kiti cha upande wa kulia.