Kliniki ya vidonda vya upasuaji mjini Malindi: tathmini kwa familia zenye mgonjwa wa nyonga bandia

Kliniki ninayoitathmini hapa ni ndogo, inaendeshwa na wauguzi, na kazi yake ni kusafisha vidonda vya upasuaji na kutoa dawa za mshipani, ama pale kliniki ama nyumbani kwa mgonjwa. Naandika kwa ajili ya familia za Malindi, Watamu na Mambrui ambazo mzee wao amebadilishwa nyonga Mombasa au Nairobi, amerudi nyumbani, na sasa jeraha lake linawatia wasiwasi. Jambo lililonifanya niwaamini wauguzi hawa ni kwamba siku ya kwanza walikataa kumpa mamangu antibiotiki.

Mamangu alikuwa amebadilishwa nyonga ya kulia katika hospitali moja ya Mombasa, na wiki chache baadaye jeraha lililokwisha kukauka likaanza tena kutoa majimaji. Homa hakuwa nayo. Majirani walishauri anunuliwe vidonge vya amoksisilini dukani, ushauri ambao hutolewa kwa nia njema kwa kila kidonda. Muuguzi aliondoa plasta, akabonyeza taratibu pembezoni mwa mshono, akauliza maumivu ya paja yalianza kuzidi lini, kisha akasema: “Mama, haya maji huenda yanatoka ndani kwenye kiungo. Leo sikupi kidonge wala sindano. Nampigia daktari aliyekupasua.”

Alitueleza sababu, na ningependa kila familia iielewe. Bakteria wakifika kwenye chuma au plastiki ya nyonga bandia hujishikiza na kujijengea utando ambao dawa haiupenyi vizuri. Ukimpa mgonjwa antibiotiki za kubahatisha, usaha unaweza kupungua na jeraha likaonekana limepona, ilhali chini ya utando bakteria wangali hai. Tena dawa hizo zinaweza kuharibu uchunguzi, kwa kuwa maabara inapojaribu kuotesha sampuli haioti kitu, na daktari hubaki hajui anapambana na nani. Isipokuwa mgonjwa awe amezidiwa, ana homa kali na presha inashuka, sampuli hutangulia na dawa hufuata. Maambukizi haya huwapata takriban watu 1 hadi 2 kati ya kila 100 wanaobadilishwa nyonga kwa mara ya kwanza, kwa hiyo muuguzi wa mji mdogo anaweza kukaa muda mrefu bila kuyaona. Huyu aliyatambua, na hakungoja.

Kutongoja huko kuna thamani yake. Maambukizi yakigunduliwa katika wiki za mwanzo, madaktari wanaweza kufungua, kuosha, kukata nyama iliyoharibika, na kubadilisha kichwa cha nyonga pamoja na kikombe cha plastiki, huku mhimili uliomo ndani ya mfupa wa paja ukiachwa mahali pake. Yakichelewa, kwa kawaida nyonga bandia yote hutolewa, na mara nyingi mgonjwa huishi kwa wiki kadhaa na saruji iliyochanganywa na antibiotiki mahali pa kiungo kabla ya kupasuliwa tena. Mamangu aliwahi njia ya kwanza. Sampuli kadhaa zilichukuliwa kutoka sehemu mbalimbali za jeraha, na bakteria aliyepatikana alikuwa stafilokokasi, ambaye ni miongoni mwa wanaoongoza kwa maambukizi haya.

Aliporudi Malindi ndipo kazi ndefu ya kliniki ilipoanza. Kwanza walimpa dawa za mshipani, baadaye wakasimamia vidonge, mojawapo ikiwa rifampisini. Dawa hiyo hutumika pia kutibu kifua kikuu, na mamangu alipoona mkojo umegeuka rangi ya chungwa aliogopa kwamba amefichwa ugonjwa. Muuguzi aliketi naye, akamweleza kwamba rangi ile ni ya dawa yenyewe, kwamba dawa hii hutumika kwa sababu inawafikia bakteria walio kwenye utando, na kwamba haitolewi peke yake kwa kuwa bakteria huizoea upesi. Vilevile aliandika dawa zote anazotumia, kwani rifampisini hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha, na tangu hapo akawa anampima presha kila alipokuja. Uangalifu wa namna hiyo sijauona mahali pengi.

Jeraha lilipokauka, mamangu alitaka kuacha vidonge. Nilifurahi kuona muuguzi hakumtisha; alimpa hoja. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019, wenye wagonjwa 1,054 wa maambukizi ya mifupa na viungo, ulionyesha kwamba katika wiki 6 za mwanzo vidonge vilivyochaguliwa vizuri havikushindwa na dawa za mshipani. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2021 ukaonyesha kwamba kwa wenye viungo bandia, maambukizi yaliendelea kwa takriban asilimia 18 ya waliotibiwa wiki 6, na kwa takriban asilimia 9 ya waliotibiwa wiki 12. Mamangu alisikiliza, akamaliza wiki 12.

Dosari zipo, na ni za kurekebishwa. Kliniki iko ghorofani na haina lifti, jambo lisilofaa kabisa kwa wagonjwa wa nyonga, ingawa wauguzi hushuka wakiitwa. Choo chao ni cha kuchuchumaa, na mtu aliyebadilishwa nyonga kwa kawaida hukatazwa kuchuchumaa, hasa miezi ya mwanzo. Kiti kirefu cha choo kingetosha kuondoa tatizo hilo. Kipimo cha damu cha CRP, ambacho hupanda mwili unapopambana na maambukizi, hutumwa nje na majibu huchelewa. Jumapili hawaji nyumbani. Bei huandikwa kabla ya huduma, nayo haijawahi kubadilika katikati.

Anayekwenda huko achukue barua ya hospitali, karatasi inayoeleza aina ya nyonga aliyowekewa, majibu ya maabara, na dawa zote anazomeza. Kama ni lazima apande tuktuk, aweke mto mgumu kwenye kiti ili magoti yasipande juu ya nyonga. Na mwenye homa na kutetemeka, au ambaye mguu umefupika ghafla na hawezi kuukanyagia, asipelekwe kliniki hii. Apelekwe hospitali moja kwa moja, hata ikiwa ni usiku.