Hitilafu ya ramani na mruko wa Quake: ipi ni udanganyifu?

Katika michezo ya video ya kupigana risasi, anayetumia hitilafu kujificha ndani ya ukuta wa ramani (uwanja wa mchezo) na kufyatua risasi hujitetea hivi: sijaweka programu yoyote haramu, mchezo wenyewe umeniruhusu. Utetezi huo haunitoshi.

Chukua mbinu ya kuruka kwa kasi katika Quake III Arena, mchezo wa aina hiyo wa mwaka 1999. Nayo ilitokana na kasoro: hesabu za mwendo zilimwezesha mchezaji kuvuka kikomo cha kasi. Lakini mrukaji bado anaonekana, bado anapigwa, na mpinzani anaweza kuruka vilevile. Ikawa ufundi halali.

Ukutani mambo ni tofauti. Aliyejificha anakuona, wewe humwoni. Risasi yako haimfikii. Huo kwangu ni udanganyifu, hata bila programu. Kwenye mashindano ya DreamHack Winter 2014, timu ya Fnatic walipandishana hadi juu ya ukingo usioonekana katika ramani ya Overpass ya mchezo wa Counter-Strike na kuwashinda timu ya LDLC. Yakazuka malalamiko makali, waandaaji wakaamuru ramani irudiwe, Fnatic wakajitoa.

Kutumbukia ukutani kwa bahati mbaya si kosa. Kosa ni kubaki humo ukihesabu alama.